Kazi Yake Nimeikubali

Jumatatu, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu Mdadisi,

Hivi wewe, ulipelekwa ofisini kufanya kazi au kukipasha kiti joto? Mjomba wako anazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nikimuuliza ana nini ananijibu, "Mama, nangoja idhini." Idhini ya nani? Ya mjukuu wangu! Mtoto niliyemfuta kamasi kwa upindo wa nguo yangu tangu mama yake alipotuacha, leo ndiye wa kumkalisha mwanangu mlangoni akihesabu nzi?

Na usinijibu kwa simu. Simu inaniungurumia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo, na sikio lenyewe limebaki moja. Niandikie. Kusoma najua. Nilijifunza ukubwani, kwa kiburi changu mwenyewe, na wino ninao.

Nieleze kama mtu mjinga, maana ndivyo nilivyo na sioni haya. Meli imeingia chelezoni inaumwa. Ndani yake kuna mitungi miwili ya chuma, mirefu kuliko mtu. Inashindiliwa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoamsha injini. Hayo kanieleza mjomba wako. Mtungi mmoja ukaonekana una ufa, na wa pili ukaanza kumwiga mwenzake. Akaitwa mwanangu Cheche, maana chelezo zima wakiona ufa mgumu hawaiti mtu mwingine. Kwanza mkataka vyeti vya chuma. Vikaja. Mkataka iandikwe jinsi atakavyochomelea, kwa waya gani, kwa moto gani. Ikaandikwa. Mkataka vyeti vyake mwenyewe, kana kwamba amezaliwa jana. Mkapewa. Mkamruhusu, akachomelea, mishono ikapigwa picha kama wagonjwa wa kifua. Sasa mnangoja nini, mitungi izae?

Mtu akikaa bila kazi anakuwa mzigo kwa mama yake. Jana amenitengenezea mlango ambao haukuwa na ubaya wowote. Sasa haufungi.

Mguu wangu unauma lakini haukuhusu.

Bibi yako

*Mpwa wangu, ni mimi Cheche. Nimemnyang'anya bibi yako kalamu na ananichapa mgongoni kwa upawa, kwa hiyo nitafupisha. Najua umekatazwa kuzungumza nami mpaka faili lifungwe. Basi hujaniona, sijakuona. Picha za mishono zimeshafika kwenu. Wakaguzi wa zamani waliotujua walikuwa wakikubali kwa picha tu. Tulikuwa tunatia hewa, meli inaondoka, na hakuna aliyelala macho. Injinia mkuu wa meli ananiulizia kila asubuhi kama mtu anayeulizia mgonjwa. Zitazame tu. Ukizitazama utakubali mwenyewe. Aii, upawa tena.*


Tarehe 14 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Sikumwambia. Hapa ofisini hawajui kwamba Mkaguzi anatukanwa.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza kwamba fundi ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Akasema wakaguzi wengine wote wako safarini, kwa hiyo nifanye mimi, ila nisizungumze na fundi, hata salamu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, na wewe si fundi.

Umesema nikueleze kama mtu mjinga. Mjinga huwa hanipigi maswali kama hayo, lakini sawa. Mtungi wa hewa hauidhinishwi kwa macho. Tunaujaza maji kwanza, tele, tunayasukuma kwa nguvu inayopita ile ya kazi yake ya kila siku, halafu tunangoja na kutazama. Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayabaniki. Chuma kikishindwa, maji yanatiririka, tunapiga deki, tunarudia kazi. Hewa si hivyo. Hewa ukiibana inaweka kinyongo. Siku chuma kikishindwa inatoka yote kwa mara moja, na inakibeba chuma chenyewe. Na picha inaonyesha mshono peke yake. Haionyeshi chuma cha pembeni kimeliwa na kutu kiasi gani kwa ndani, na hao wakaguzi wa zamani walikuwa na bahati tu. Kwa hiyo hakuna mtu wa kutia hewa kabla ya maji, awe Mjomba, awe mimi, awe mwenye meli. Mwisho wa mwezi nitakuja mwenyewe kusimamia. Nitalala nyumbani, na nitaurekebisha huo mlango.

Karatasi imejaa, nageukia nyingine.

Bibi, mguu wako unanihusu. Uliuweka kwenye maji ya chumvi kama nilivyokuambia, au ulimwambia jirani kwamba mjukuu wako amekuwa daktari sasa? Usiupande ule mlima wa kwenda bombani. Mtume mtu.

Na picha nimeziona. Nilizitazama muda mrefu mpaka yule mwenzangu akadhani natazama mchumba. Mawimbi madogo madogo, yamelala sawasawa, kama yamepigwa kwa cherehani. Nimekagua mishono mingi na sijaona kama ule. Mwambie Mjomba kazi yake nimeikubali.

Mjukuu wako,
Mdadisi


Alhamisi, mwezi huo huo

Mke mwenzangu, mpenzi wa mume wetu marehemu,

Sasa umekuwa mtu! Nilijua damu haiwezi kuwa maji.

Barua imefika asubuhi, mjomba wako akiwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Mama, amesemaje?" Nikamwambia subiri nivae miwani. "Mama, amesemaje?" Nikamwambia mtoto huyu ana mdomo mrefu, hayo ya maji na hewa ameniandikia mimi mjinga, wewe unayajua. Nikayaruka nikaenda kwenye lako. Nikamsomea: *Mwambie Mjomba kazi yake nimeikubali.*

"Rudia." Nikarudia. "Amekubali kwa picha?" Nikamwambia, "Kaziona picha, na kaandika nimeikubali, unataka akuimbie?"

Ungemwona. Mtu mzima na ndevu zake, amenizungusha hapa sebuleni mpaka mguu ukanikumbusha kwamba upo. Akaniomba karatasi ile ya pili akamwonyeshe injinia mkuu wa meli, asije akasema ni maneno ya mitaani. Ameikunja ameitia mfukoni mwa lile shati lake lililotobolewa na cheche kama chekeche. Kwa hiyo mguu wangu nao umekwenda chelezoni, maana uliandikwa karatasi hiyo hiyo. Ya kwanza imebaki hapa chini ya sahani.

Chai hakumaliza. Nimeifunika, ataikuta.

Bibi yako mwenye furaha


Ijumaa, mwezi wa nne

Mkaguzi,

Nakuita Mkaguzi kwa kuwa ndivyo ulivyokaa mbele yangu juzi. Hukuwa mjukuu wa mtu. Ulikuja chelezoni, hukuja nyumbani. Ulipita barabara ya chini, mlango wangu unauona, ukaenda kukaa kwenye ile meza ndefu ya uchunguzi pamoja na wenzako na maji yenu ya chupa. Siku ya kumzika mjomba wako sikukuona. Nikasema amekatazwa. Nilikutetea, unasikia? Kwa watu waliojaa hapa nilikutetea.

Hukuwepo walipokuja, basi nikuambie. Walikuja wawili, wamevua kofia. Nilikuwa nachambua mchele. Mtu wa chelezoni akivua kofia mlangoni pako, humkaribishi kiti. Nilimwambia yule mfupi, "Usiseme," na akatii, akaishika kofia kifuani, nami nikajua.

Wakaniambia hewa ilipokuwa inapanda, wenzake walirudi nyuma, yeye akabaki. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mshono. Unamjua. Kila kazi aliyoimaliza aliiwekea kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Sikuruhusiwa kumwosha wala kumtazama. Nilipewa kofia yake ya kuchomelea. Kile kioo cheusi cha mbele kizima. Hata mkwaruzo hakina. Kioo kizima, mtu hakuna.

Sasa niambie. Yule injinia mkuu alisimama akasema, "Fundi aliniambia mkaguzi amekubali, nikafungulia hewa." Akaulizwa kama alionyeshwa karatasi. Akasema alionyeshwa kitu kimekunjwa, hakukisoma, alimwamini. Ukageuziwa wewe. "Ulimpa idhini?" Nawe ukasema, "Hapana." Hivyo tu! Kama mtu anayekataa sukari. Hukutafuna, hukumeza mate, hukunitazama kwenye kiti cha nyuma nilipokuwa. Hapana. Mwandishi wenu akaandika, na mwanangu akawa mwongo.

Mwanangu alikuwa mkaidi. Alikuwa mchelewaji, alikuwa akikoroma, alikuwa hajui kutengeneza mlango. Mwongo hakuwa. Binti yake ameacha kwenda shule kwa sababu wenzake wanamwambia baba yako alijiua kwa uongo wake. Wewe binamu yako anaambiwa hivyo, umekaa mjini unakunywa maji ya chupa.

Uliandika nimeikubali. Niliisoma kwa macho haya. Karatasi ile imeondoka naye, hakuna wa kunishuhudia, na wewe unalijua hilo. Ndiyo maana ulisema hapana bila kutetemeka?

Chai yake niliifunika. Hadi leo sijaimwaga.

Mama yake Cheche


Tarehe 21 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sijui kama utaifungua barua hii. Ukiifungua, isome ukiwa umekaa.

Sikuja maziko kwa sababu nilikatazwa kuonana na mtu wa nyumba yetu kabla ya kuhojiwa. Nilitii. Ningeweza kutotii. Siku ile nilipopita barabara ya chini niliuona mlango, uko wazi nusu, haufungi. Nilimwomba dereva apunguze mwendo, halafu nikamwambia aendelee.

Nilisema hapana kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Idhini kwetu ni hati yenye muhuri, na sikuitoa. Nilikaa pale nikijiuliza Mjomba kapata wapi maneno yale, na moyoni, Bibi, Mungu anisamehe, nilimwona kama alivyoonwa na wengine. Niliporudi ofisini nikakuta barua yako ya furaha juu ya meza. Ilikuwa imefika nikiwa safarini; nilitumwa mbali mara tu baada ya kukuandikia, na huko nilitoka moja kwa moja kuja kuhojiwa. Nikaisoma nimesimama, nikairudia.

Nililiandika neno lile. Ni kweli. Lakini sikuliandika kwa maana ya kiofisi. Sisi vijana tukiona kitu kimetupendeza tunasema nimekikubali. Mtu akiimba vizuri, nimemkubali. Nilikuwa namsifu. Nilikuwa mpwa anayemwambia mjomba wake hongera. Kati ya maneno yote ya dunia, mkaguzi mzima, nikachukua lile moja.

Matokeo yametoka. Mshono haukupasuka. Nataka ulisikie hilo kabla ya mengine. Wameuokota mzima, mawimbi yake yale yale. Kilichopasuka ni chuma cha zamani pembeni, upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye mshono. Kilikuwa kimeliwa kwa ndani kimebaki kama ganda. Sifa niliyompa aliistahili. Ndiyo inayoniua.

Nimeamua hivi. Nitarudi mbele ya ile meza niseme kwamba nilimpa Mjomba idhini kwa mdomo, kwamba nilimwambia waziwazi atie hewa. Jina lake litasafishwa, binti yake atarudi shuleni. Mimi nitaacha kazi, barua nimeshaiandika. Barua yako wewe sitaionyesha mtu yeyote. Hakuna haja wewe kuitwa na kuulizwa maswali.

Ule mtungi wa pili bado umo melini. Nao aliuchomelea yeye, wiki ile ile. Mwenye meli anataka uidhinishwe haraka, na faili limerudishwa kwangu kwa kuwa hakuna mwingine. Nimekataa kulifungua. Siwezi kuutazama mkono wake tena nikiwa na nyundo na muhuri.

Karatasi ya kwanza ya barua yangu, kama bado unayo, ichome. Haina kitu. Ni habari za mguu wako tu.

Nisamehe au usinisamehe, lakini kula.

Mdadisi


Jumapili, mwezi wa nne unaisha

Mke mwenzangu,

Uongo hujui. Tangu utotoni hujui. Ukiiba sukari ulikuwa unakuja mwenyewe kuniambia hukuiba.

Mguu wangu ulikuwa karatasi ya pili. Nilikuambia, ulikwenda chelezoni mfukoni mwa Cheche. Sasa karatasi ya kwanza ina mguu gani mwingine? Ulipoandika hivyo nilijua unanifunika kitu, kama tunavyomfunika mtoto macho gari likigonga mbwa. Nikanyanyua sahani. Karatasi ilikuwa hapo hapo, imeshika doa la mafuta. Nilikuwa sijaisoma yote hata siku moja. Nikavaa miwani nikaisoma, neno kwa neno, kwa kidole, mpaka chini. *Hakuna mtu wa kutia hewa kabla ya maji, awe Mjomba.* Umemtaja kabisa. Yuko hapo. Alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, na maneno yake yalikuwa mkononi mwangu, nikayaita mdomo mrefu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anamkabidhi msichana mmoja gauni. Msichana akaliinua juu akapiga ukelele, "Shoga, mshono huu nimeukubali!" Nikamwita, nikamuuliza, "Umeukubali, ndiyo kusema umelichukua, limekutosha?" Akacheka. "Hapana, Bibi, bado sijalijaribu mwilini. Nimesema limenipendeza tu." Nikamwambia asante. Akaondoka na gauni lake. Nilikaa pale mpaka jirani akaja kunishika bega.

Basi sikiliza. Sikuandikii ili unibembeleze, na mimi sina mikono ya kukubembeleza leo. Umeniandikia mpango wako wa kwenda kudanganya. Yaani mwanangu ameitwa mwongo, na dawa yake ni wewe uwe mwongo kweli? Halafu nimpe jina gani binti yake, aliyesafishwa kwa uchafu? Cheche alisema alichosomewa. Aliyeandika ni wewe, aliyesoma ni mimi, na katikati yetu kulikuwa na mtu mwenye haraka ya kurudi kazini. Mambo ni hayo, hayana pindo. Ukisema ulimwambia atie hewa, umemwongezea mwongo mwingine juu ya kaburi, na mimi umenifanya kikongwe kisichojua hata kuulizwa. Nimezaa, nimezika, nimezika tena. Nitashindwa na maswali ya watu wanaokunywa maji ya chupa?

Nilikuandikia maneno makali nikakuita Mkaguzi. Sitayafuta. Yalikuwa ya siku ile na siku ile ilikuwa yangu. Lakini uliposema hapana pale mezani hukudanganya, na sasa najua, na kwenye kile kiti cha nyuma nilikulaani kimoyomoyo. Laana hiyo nimeirudisha. Nimeimeza mimi.

Usiku silali sana. Nafikiria kile kiganja. Ningekuwa nimeisoma barua yako yote, kiganja kile kingekuwa kimelowa maji tu. Angerudi nyumbani na shati bichi, ningemgombeza.

Chai nimeimwaga jana. Kikombe sijakiosha.

Sasa ufanye hivi. Barua ya kuacha kazi ichane, wakitaka kukufukuza wakufukuze wenyewe, huna haja ya kuwasaidia. Kitanda chako bado kina godoro. Ichukue barua yangu ya furaha, ile ile, na aibu yake yote, uje nayo. Mimi nitatoka na karatasi hii ya kwanza yenye doa. Tutakwenda wawili mpaka kwenye meza yao ndefu. Wewe utawaambia ulichoandika na ulichotaka kusema. Mimi nitawaambia nilichosoma na nilichoruka. Yule mwandishi wao aandike kwamba fundi hakudanganya mtu. Nitasimama juu ya kichwa chake mpaka aandike, na akikosea herufi nitaiona. Nikishatoka hapo nitampeleka binti ya Cheche shuleni mwenyewe, kwa mguu huu huu.

Na ule mtungi wa pili huukimbii. Nani mwingine autazame? Mtu asiyemjua, aupitie haraka aende kula? Ni kazi ya mwisho ya mkono wa mwanangu, na watu watasimama karibu nayo, wana mama zao. Ugonge, upime, uchunguze chuma cha pembeni mpaka ndani. Ukiwa mbovu, ukate. Ukate hata mshono wake, hata kama ni mzuri kama cherehani, usinihurumie. Ukiwa mzima, andika *nimeidhinisha*, herufi kubwa, piga muhuri. Lile neno lingine usiliandike tena kwenye karatasi yoyote. Ukipendezwa na kitu, sema kimekupendeza.

Njoo kabla ya wiki kwisha. Nitaacha mlango wazi, haufungi hata hivyo. Lakini ukishuka kwenye gari usije kwangu kwanza kunililia. Shuka kule chini, ingia melini, washikishe bomba, na kabla ya jambo jingine lolote, jaza maji.

Bibi yako